Ustahimilivu wa mwanga katika filamu ya negativu ya rangi

Ustahimilivu wa mwanga ni uwezo wa filamu kutoa picha inayofaa hata kama mpiga picha amekosea kipimo cha mwanga. Filamu ya negativu ya rangi, yaani mkanda unaosafishwa kwanza na baadaye kutolewa picha kwenye karatasi, inajulikana kwa kuwa na ustahimilivu mkubwa. Hata hivyo, ustahimilivu huo haulingani pande zote mbili: filamu hii huvumilia mwanga uliozidi kuliko mwanga uliopungua.

Jinsi mwanga unavyopimwa

Kiasi cha mwanga kinachofika kwenye filamu hutegemea ukubwa wa tundu la lenzi na muda ambao shata, yaani kilango cha ndani ya kamera, hubaki wazi. Kiasi kinachohitajika hutegemea filamu yenyewe, na huonyeshwa kwa namba ya ISO iliyoandikwa kwenye boksi, kwa mfano 100, 200 au 400. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo filamu inavyohitaji mwanga mdogo.

Wapiga picha huhesabu tofauti za mwanga kwa hatua. Kuongeza hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, hatua mbili ni mara nne, na hatua tatu ni mara nane. Kupunguza hatua moja ni kubakiza nusu yake. Kubadili shata kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125 ni kuongeza hatua moja, na vivyo hivyo kubadili tundu kutoka f/8 kwenda f/5.6.

Kwa kawaida filamu ya negativu ya rangi iliyozidishiwa mwanga kwa hatua mbili au tatu bado hutoa picha nzuri. Ikipunguziwa hatua moja, dosari huanza kuonekana. Ikipunguziwa mbili, ubora hushuka waziwazi. Filamu ya slaidi ni kali zaidi, kwani kosa la nusu hatua tu linaweza kuonekana.

Muundo wa filamu

Filamu ya rangi ina tabaka kuu tatu za jelatini zenye chembe za halidi ya fedha. Tabaka moja hupokea mwanga wa buluu, la pili wa kijani na la tatu mwekundu. Kila moja kwa kawaida limegawanywa tena katika matabaka madogo. Baadhi yana chembe kubwa, ambazo huitikia mwanga hafifu. Mengine yana chembe ndogo, ambazo huhitaji mwanga mwingi. Chembe kubwa zikishajaa, chembe ndogo bado zina nafasi ya kupokea mwanga. Hiyo ni sababu mojawapo ya filamu kuvumilia mwanga uliozidi.

Filamu nyingi za aina hii husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ulioletwa na kampuni ya Kodak mwaka 1972. Dawa ya kwanza hutumika kwa nyuzijoto 37.8 za Selsiasi kwa muda wa dakika 3 na sekunde 15. Katika kazi hiyo rangi hujitengeneza kuzunguka kila chembe iliyopata mwanga, kisha fedha yote huondolewa. Kinachobaki kwenye negativu ni mawingu madogo ya rangi. Mwanga ukiwa mwingi, mawingu hayo huongezeka na kufunikana, hivyo picha huonekana laini. Mwanga ukiwa mdogo, mawingu huwa machache na yaliyotawanyika, na picha huonekana yenye punje.

Mstari wa Hurter na Driffield

Uhusiano kati ya mwanga na weusi wa negativu ulielezwa kwa grafu na Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, waliofanya utafiti wao Uingereza na kuuchapisha mwaka 1890. Mstari wa grafu hiyo una sehemu tatu. Chini umelala karibu tambarare: mwanga ni mdogo mno kuacha alama. Katikati unapanda kwa mwinamo ulio sawa, na hapo kila ongezeko la mwanga huandikwa vizuri. Juu unaanza kulala tena.

Katika filamu ya negativu ya rangi sehemu ya katikati ni ndefu na mwinamo wake ni mdogo. Mwanga ukizidi, picha nzima husogea juu kwenye mstari, lakini tofauti kati ya sehemu zake hubaki karibu zilezile. Negativu huwa nzito, na anayetoa picha hurekebisha kwa kutumia mwanga mwingi zaidi wakati wa kuchapa kwenye karatasi.

Mwanga ukipungua, vivuli huangukia kwenye sehemu ya chini iliyo tambarare. Mikunjo ya nguo nyeusi, nywele na macho yaliyo kivulini haviachi alama yoyote. Kuchapa kwa namna nyingine hakusaidii, kwa sababu hakuna kilichoandikwa cha kuchapwa. Matokeo yake ni picha yenye weusi wa kijivu, rangi zilizofifia na punje nyingi. Kurefusha muda wa kusafisha huongeza ukali wa picha, lakini hakurudishi kilichopotea kwenye vivuli.

Ngozi nyeusi na mwanga uliopungua

Tofauti hii kati ya kuzidi na kupungua ina uzito wa pekee katika kupiga picha za watu wenye ngozi nyeusi. Uso mweusi hurudisha mwanga mdogo kuliko nguo nyeupe iliyo karibu nao. Katika picha ya harusi, kipimo cha kamera kinaweza kudanganywa na weupe wa gauni na kupunguza mwanga wa picha nzima. Gauni litaonekana vizuri, lakini uso wa bibi harusi utakuwa umeangukia mahali ambapo filamu haisamehe. Kwa hiyo ni salama zaidi kupima mwanga unaotoka usoni kuliko ule wa nguo.

Tatizo lilizidishwa na kazi ya maabara. Kwa miongo mingi, mashine za kuchapa zilirekebishwa kwa kufuata kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Katika miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi.

Matumizi

Kamera za kutumika mara moja, kama ile iliyotolewa na Fujifilm nchini Japani mwaka 1986, zinategemea sana ustahimilivu huu. Tundu na shata zake havibadiliki, hivyo filamu yenyewe hubeba tofauti kati ya jua kali na wingu. Filamu ya Ilford XP2 Super, ambayo hutoa picha nyeusi na nyeupe lakini husafishwa kwa C-41, inaweza kupigwa kwa ISO 50 hadi 800 katika mkanda mmoja.

Wapiga picha wengi huweka kamera kwenye ISO 200 wanapotumia filamu ya 400, ili makusudi wazidishe hatua moja. Asiye na kipimo cha mwanga anaweza kutumia kanuni ya jua kali: tundu f/16, na shata iliyo karibu na moja gawanya kwa namba ya ISO, penye shaka, aongeze mwanga. Kwa kamera za dijitali hadhari ni kinyume, kwa kuwa huko sehemu zenye mwanga mkali ndizo hupotea kabisa zikizidishiwa mwanga.

Mipaka

Ustahimilivu hutegemea pia mandhari. Penye jua kali na vivuli vizito, mandhari yenyewe hutumia sehemu kubwa ya uwezo wa filamu, na nafasi ya kukosea hupungua. Mwanga ukizidi mno, rangi huanza kupotoka na negativu huwa nzito kiasi cha kusumbua kuchapa. Vilevile ustahimilivu wa mwanga hauokoi picha iliyotikisika, wala filamu iliyoungua kwa kufunguliwa kamera kabla mkanda haujarudishwa ndani ya kopo lake.