Chimbuko la Maana ya Kifedha ya Kivumishi Realizable

Kivumishi cha Kiingereza realizable hubeba maana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: jambo linalotekelezeka, na mali inayoweza kuuzwa ikawa fedha taslimu. Insha hii inashikilia kuwa maana ya pili haieleweki vyema bila kurejelea Paris ya John Law, Mskoti aliyeongoza kwa pamoja benki ya taifa na kampuni ya biashara ya ng'ambo.

Hisa za kampuni hiyo, ambazo awali zilikuwa na thamani ya livre 500 kila moja, zilifikia takriban livre 10,000 Januari 1720. Wenye shaka walikuwa wameanza kuziuza na kununua dhahabu, vito na ardhi. Wafaransa waliwaita réaliseurs, yaani watu wanaoifanya mali iwe halisi. Jina hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa hukumu tosha: lilikiri kwamba karatasi yenyewe haikuwa mali bado. Februari 1720 serikali ikapiga marufuku mtu kuweka sarafu zenye thamani inayozidi livre 500. Kila hisa peke yake iliuzika; zote kwa pamoja hazikuuzika. Desemba, Law akaitoroka Ufaransa.

Kiingereza kiliipokea maana hiyo katika karne hiyohiyo ya 18, na baadaye wahasibu wakaigeuza istilahi ya kawaida. Mfasiri anayeandika "thamani inayopatikana" katika hesabu za kampuni huihifadhi hesabu, lakini swali la réaliseurs, kwamba ni nani atakayenunua iwapo wote wanauza, hubaki nje ya tafsiri yake.