Uyoga wa kichuguu: chakula, dawa na elimu ya akina mama

Mvua za kwanza zikianguka mwezi wa Novemba, katika Lubudi na sehemu nyingine za jimbo la Lualaba, uyoga huanza kuonekana sokoni na kando ya barabara. Wakaaji wengi huuita bowa. Huliwa na bukari, na wazee wengi husema kwamba ni chakula na pia ni dawa. Usemi huo una historia ndefu, na una mipaka yake.

Historia yenyewe inaanzia ndani ya kichuguu. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvipeleka chini ya ardhi, kisha huotesha kuvu juu yake. Kuvu hiyo huwalainishia chakula. Mvua inapolowesha udongo, kuvu hutoa uyoga juu ya kichuguu, nao watu huuchuma. Vichuguu vikubwa vya Katanga vinaweza kufikia urefu wa mita 8, na wachunguzi waliopima udongo wake karibu na Lubumbashi wameona kwamba kimoja kina umri wa zaidi ya miaka 2000. Mashamba hayo ya mchwa yalikuwa hapa kabla ya reli na kabla ya migodi.

Wataalamu wa kigeni walichelewa kuijua mali hii. Mwaka 1935, huko Brussels, Maurice Beeli alianza kutoa vitabu vya picha za uyoga wa Congo, akitumia michoro ya Bi Goossens-Fontana aliyeishi nchini. Mwaka 1980, Pegler na Piearce waliupa jina la kisayansi uyoga mkubwa wa vichuguu vya Zambia, Termitomyces titanicus, ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Mwaka 2017 kikatoka kitabu kizima juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, kilichoandikwa na De Kesel, Kasongo na Degreef. Lakini akina mama wa vijijini walikuwa wameshaupa kila uyoga jina lake, na walijua upi ni wa kula na upi ni wa kuacha.

Je, ni dawa? Uyoga mbichi una maji mengi, karibu sehemu tisa kwa kumi. Ukikaushwa, kinachobaki kina protini, madini na vitamini za kundi B. Katika nyumba isiyo na nyama wala samaki, hilo ni jambo kubwa: mtoto anayekula vizuri hupambana na magonjwa vizuri zaidi. Faida hiyo ni ya hakika.

Uyoga mgumu unaoota kwenye miti, jamii ya Ganoderma, una habari nyingine. Wachina wameutumia kama dawa kwa zaidi ya miaka 2000, na leo unga wake unauzwa katika vidonge na kahawa kwenye nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Waganga watafiti waliopitia majaribio yake kwa wagonjwa wa kansa, mwaka 2012 na tena 2016, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unaweza kutumika kama tiba ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa asiache dawa za hospitali, wala familia isiuze mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya chupa moja.

Tatizo kubwa zaidi linawahusu waliohama. Katanga imeona watu wengi wakiacha makwao: waliofukuzwa Kolwezi na Likasi miaka ya 1992 na 1993, kisha waliokimbia vita vya Mitwaba baada ya mwaka 2000. Mtu akikimbia hubeba sufuria, hubeba mtoto, na hubeba pia majina ya uyoga wa kwao. Lakini pori la ugenini lina uyoga wake. Ule unaofanana na wa nyumbani unaweza kuwa na sumu, na kuuchemsha au kuukausha hakuondoi kila sumu. Sumu kali kuliko zote hukawia: mtu hula jioni, huanza kutapika na kuharisha baada ya saa sita au zaidi, kisha huonekana amepata nafuu huku ini lake likiharibika. Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya upesi, pamoja na mabaki ya uyoga alioula.

Uyoga pia hufyonza madini ya udongo. Kwa hiyo ule unaoota karibu na mabaki ya migodi au mito ya maji machafu ya viwanda usichumwe, hata kama ni wa aina nzuri.

Tena, si bowa zote zinatoka kwa mchwa. Nyingine huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya miombo, na miti hiyo ikikatwa yote kwa ajili ya makala, nazo hupotea.

Familia iliyofika kijiji kipya ina jambo moja la kufanya kabla ya kuingia porini na kikapu: kumtafuta mama mzee wa hapo na kumwonyesha kila uyoga mmoja mmoja. Asioujua yeye, hauingii chunguni.