Mtoto Abaki kwa Nani? Kutoka Buha ya Mamwami hadi Kambi ya Mtendeli

Zamani katika Buha, nyanda za juu ambako leo kuna wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko, swali la mtoto abaki kwa nani lilijibiwa kabla hajazaliwa. Lilijibiwa siku ya mahari. Ng'ombe na majembe yakishapokelewa ukweni, watoto walikuwa wa ukoo wa baba. Mama akirudi kwao na mtoto wa ziwa, wote walijua ni kwa muda. Akiacha kunyonya na kupata nguvu, upande wa baba ungekuja kumchukua. Wazee wakikaa kusuluhisha, walihesabu mahari. Mtoto hakuulizwa.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliwaondolea watawala wa jadi, wakiwemo mamwami wa Buha, mamlaka yao, mashauri yakaenda kwa mahakimu wa mahakama za mwanzo. Mwaka huohuo sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziliandikwa na kutangazwa. Naona hapo mama alipoteza kitu. Jambo ambalo wazee waliweza kulilegeza kwa huruma sasa lilikuwa na namba kwenye kitabu.

Mageuzi makubwa yalikuja na Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 125 kiliweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Baada ya hapo hakimu atazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na kauli yake, na mila za jamii yao. Mila haikufutwa, ilishushwa ngazi. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Watu wengi wameshika hiyo miaka 7 kana kwamba ndiyo sheria nzima. Mtoto akitimiza 7, baba hufika na baiskeli kumchukua, bila hati yoyote. Sheria haisemi hivyo. Kifungu hichohicho kinamtaka hakimu afikirie madhara ya kumhamisha mtoto huku na huku. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza uzito: ndugu wasitenganishwe ikiwezekana, malezi yasikatwe katikati, na mtoto awe na haki ya kumtembelea mzazi mwingine. Mashauri hayo yanaweza kusikilizwa na Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi wa jamii hutumwa nyumbani kuangalia mtoto analala wapi, anakula nini, shuleni anakwenda na nani.

Sasa ichukue sheria hiyo uifikishe Mtendeli. Kambi hiyo iliyoko Kakonko iliwahi kupokea Warundi katika miaka ya 1990, ikafunguliwa tena Januari 2016 baada ya machafuko ya Burundi ya 2015. Waha, wenyeji wa Buha, na Warundi wanasikilizana lugha, na Burundi nako mtoto hufuata ukoo wa baba. Lakini kambini ng'ombe wa mahari walikuwa wamebaki ng'ambo ya mpaka, pamoja na wazee walioshuhudia wakitolewa. Kilichokuwepo ni kadi ya mgao. Kaya iliandikwa humo kwa idadi ya watu, na unga, maharage na mafuta vilipimwa kwa idadi hiyo. Wazazi wakiachana, jina la mtoto likibaki kwenye kadi ya baba huku analala kwa mama, chakula chake kilienda nyumba nyingine.

Septemba 2017 safari za kurudi Burundi zilipoanza, swali likawa zito zaidi, maana mzazi mmoja angeweza kujiandikisha kurudi na mwingine akakataa. Kwa mwongozo wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ugomvi wa malezi ambao mamlaka za nchi hazikuuamua hupelekwa kwenye jopo linalopima maslahi ya mtoto kabla hajavushwa mpaka, naye husikilizwa kulingana na umri wake.

Mtendeli ilifungwa Desemba 2021, waliobaki wakahamishiwa Nduta, Kibondo, lakini swali halikufungwa nayo. Nawe mzazi unayesoma haya ukiwa Kasulu au Kakonko, usimchukue mtoto njiani akitoka shule. Hata amri iliyokwisha kutolewa, mahakama inaweza kuibadilisha iwapo hali ya mtoto imebadilika. Peleka ombi, useme kilichobadilika.