Fedha ya Serikali na Shule ya Watoto Wadogo

Wazazi wengi wanauliza: "Mtoto wangu wa miaka 8 anasoma bure. Mbona mdogo wake wa miaka 4 ninamlipia?" Swali hilo ni la haki. Ili kulijibu, yafaa tutazame nyuma kidogo.

Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Serikali ya Mfalme Leopold II walipatana. Serikali iliahidi kuwapa wamisionari mashamba, nao wakaahidi kufungua shule. Mwaka 1925 yakaja mapatano mengine: Serikali ilikubali kuzisaidia kwa fedha shule za misioni za Kibelgiji, ila zifuate programu yake na kupokea wakaguzi. Misioni za Kiprotestanti zilingoja hata 1948. Hapo ndipo desturi ilipozaliwa: atoaye fedha ndiye awekaye kanuni.

Mwisho wa 1974 Serikali ilizichukua shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha kwa mkataba: makanisa yaziongoze, Serikali iweke programu, ikague, tena iwalipe walimu. Lakini mishahara ilikosa nguvu, na katika miaka ya 1990 ni wazazi waliobeba mzigo wa kumlisha mwalimu.

Na wadogo je? Sheria ya 11 Februari 2014 inaitambua shule yao, tunayoiita maternele, nayo ina kanuni zake. Lakini Katiba, kifungu cha 43, inaamuru masomo ya bure katika shule za msingi za Serikali tu. Kwa hiyo, masomo ya bure yalipoanza Septemba 2019, maternele ilibaki nje ya mlango. Kanuni inaifikia, fedha haiifikii vya kutosha. Ndiyo maana shule hizo ni nyingi mjini, penye wazazi wanaoweza kulipa. Mtoto wa kijijini anaingia darasa la kwanza hajapata hata kushika chaki.

Basi, wazazi wapenzi, tusinung'unike tu. Parokia yenye chumba kitupu mchana yaweza kukitoa, baada ya kuomba ruhusa ya Serikali. Tena tuwakumbushe wabunge wetu, maana ndio wanaopiga kura juu ya fedha ya taifa kila mwaka. Msaada wa Kanisa usiwe sababu ya Serikali kusahau wajibu wake. Bwana wetu hakuwafukuza watoto wadogo. Nasi tusiwaache mlangoni.