Kioo cha ukungu: kutoka tindikali ya Nuremberg hadi msasa wa maji

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha vioo cha Sapphire Float Glass, Mkuranga mkoani Pwani. Miaka mingi kabla ya hapo, vioo bapa vya madirisha vilivyoshushwa hapa Same, Upareni, vilikuwa vimevuka bahari. Sasa kioo cheupe kinatengenezwa nchini, lakini mapambo yake tumewaachia wengine: mlango wa bafu unabandikwa stika ya plastiki yenye maua, siku si nyingi inabanduka.

Ufundi wa kukitia kioo ukungu una historia ndefu, na aliyeichimbua kwa undani ni Johann Beckmann, profesa wa Göttingen aliyeandika juu ya uvumbuzi mwishoni mwa karne ya 18. Anasimulia kwamba mwaka 1670 mchongaji wa Nuremberg, Heinrich Schwanhardt, alidondoshewa tindikali kwenye miwani yake, kioo kikapoteza mng'ao. Schwanhardt akaona kazi hapo. Alipaka vanishi juu ya michoro, akaiacha tindikali itafune sehemu iliyobaki wazi. Vanishi ilipotolewa, michoro ilibaki laini na angavu, imezungukwa na ukungu.

Ubishi ukazuka juu ya tindikali yenyewe. Simulizi za zamani ziliitaja ya nitriki, ilhali hiyo hutunzwa ndani ya chupa za kioo na chupa hazidhuriki. Beckmann alishuku kuwa fundi yule alikuwa na kiungo cha siri, akaonyesha maelekezo yaliyochapishwa mwaka 1725 yakitaja jiwe la kijani lililoitwa zumaridi ya Bohemia, likisagwa na kutiwa ndani ya tindikali. Naungana naye. Jiwe hilo ni floraiti, na likikutana na tindikali kali huzaa tindikali ya hidrofloriki, ambayo kioo hakiiwezi. Mkemia Carl Wilhelm Scheele aliichunguza mwaka 1771.

Binadamu naye haiwezi. Mwaka 1869 mkemia Mfaransa Jérôme Nicklès alikufa akiifanyia utafiti. Hupenya ngozi, pengine bila maumivu mwanzoni, ikafyonza kalisi ya damu hadi moyo ukasimama. Tindikali ya namna hiyo haina nafasi katika nyumba yenye watoto.

Mwaka 1870 Mmarekani Benjamin Tilghman alisajili njia ya kupuliza mchanga kwa nguvu juu ya kioo. Viwanda vikaipokea, lakini vumbi lake likaharibu mapafu ya wafanyakazi, na Uingereza ikaupiga marufuku mchanga huo kwa kanuni za mwaka 1949.

Njia inayofaa nyumbani ilitokana na Edward Acheson, aliyetengeneza silikoni kabaidi mwaka 1891. Ndiyo punje nyeusi za msasa wa maji unaouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Bandika tepu pana juu ya kioo, chora ua, kata kwa wembe, bandua sehemu unayotaka ipate ukungu. Lowanisha msasa, sugua kwa kuzungusha, ukiongeza maji kila unapoona uji mweupe unakauka, maana uji ule ndio vumbi lililozuiwa lisiingie kifuani. Suuza, bandua tepu iliyobaki, na ua limetokea.

Kazi ya mchanga na subira si ngeni Upare. Wahunzi wa Upare ya kaskazini waliosha mchanga wenye chuma kutoka mitoni, wakauyeyusha, na chuma chao kikavuka hadi kwa Wachaga. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoitawala Ugweno, huko huko kaskazini, mpaka ukoo wa Wasuya ukiongozwa na Angovi ulipowapindua. Nchi iliyowahi kutawaliwa na wahunzi leo inanunua maua ya plastiki kwa mita, na hilo linaniuma.

Vyuo vya ufundi vya mkoa wetu viliingize somo hili katika mafunzo ya aluminiamu na vioo. Linahitaji tepu, wembe, msasa na ndoo ya maji. Nawe msomaji ukitaka kujaribu, anza na kipande cha dirisha lililovunjika: vaa glavu, lainisha kingo zake kwanza, na usisugue kioo kikavu hata mara moja.