Kabla ya kipochi kulikuwa na pindo la leso

Wiki mbili zilizopita nilikata leso ya ayeeyo. Tulieni, alinipea mwenyewe. Nilitaka kushona kipochi cha mkono, kile cha kukunja kama bahasha, nikibebe siku ya Idi. Mjini vinauzwa bei ya kushtua, na mimi hapa Kotile nina sindano, uzi, mkasi wa jikoni na muda mwingi. Sisi tulioacha chuo tuna muda, hilo hamwezi kutunyima.

Kazi yenyewe si ngumu. Unakata kipande cha leso, sentimita 30 kwa 40, na kingine kama hicho cha bitana. Mimi bitana nilitoa kwa shuka kuukuu. Unaongeza kitambaa kigumu kiasi kipochi kisilegee. Unashona kuzunguka, nyuso nzuri zikiwa ndani, unaacha nafasi ya vidole vinne, unapindua, unaziba hiyo nafasi, unapiga pasi. Kisha unakunja sentimita 15 juu, unashona pembeni, na sehemu inayobaki inakuwa kifuniko. Kifungo kimoja mbele, umemaliza.

Shida ilikuwa pembe moja ya leso. Rangi ilikuwa imetoka, nyuzi zimelegea, kitambaa kimejikunja kama kimetafunwa na mbuzi. Nikaikata, nikaitupa pembeni. Ayeeyo alikuwa kwenye mkeka akinitazama tu. Akaiokota. Akaniambia, "Ayeeyo" (kwetu bibi na mjukuu tunaitana jina hilo hilo), "umetupa benki yangu."

Hapo ndipo nilipoacha kushona nikaanza kuuliza.

Kiswahili kina neno la hiyo benki: kibindo. Ni ule mkunjo wa nguo kiunoni ambapo mtu anaficha kitu. Wazee wa pwani wana methali, hamadi kibindoni, silaha mkononi. Yaani akiba ya kukufaa ni ile uliyonayo mwilini sasa hivi, si ile uliyoahidiwa. Wasomali nao walikuwa na guntiino, kitambaa kirefu kinachofungwa fundo begani na kuzungushwa kiunoni, na jina lenyewe linahusiana na kufunga fundo. Ayeeyo alikulia kwenye hiyo nguo. Leso ilikuja baadaye lakini tabia haikubadilika: pesa inaingia pembeni, pembe inafungwa, fundo linachomekwa kiunoni.

Sasa fuata hicho kitambaa chenyewe, kwa sababu kimesafiri kuliko sisi sote. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliandika kwamba mji ule ulikuwa unafuma vitambaa vyake wenyewe, vizuri sana, na vinauzwa mpaka Misri. Misri, wasee! Miaka karibu 700 iliyopita, pwani yetu ndiyo ilikuwa inawavalisha watu wa mbali. Pate nako, kule visiwa vya Lamu, kulisifika kwa vitambaa vya hariri.

Halafu karne ya 19 ikaingia pamba ya Marekani. Mwaka wa 1833 Sultani Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka wa 1837 balozi wao mdogo alikuwa ameshakaa Zanzibar. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cheupe cha viwandani, kigumu na cha bei nafuu. Watu wakakiita merikani, jina ambalo bado tunalo. Wafumaji wa Mogadishu hawakufa wote, ila soko lao lilibanwa vibaya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vikakata pamba hiyo, na viwanda vya Bombay na vya Uingereza vikachukua nafasi.

Na leso? Hapa ndipo nilipofurahi. Jina linatoka kwa Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba wanawake wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wakinunua vile vitambaa vikiwa bado havijakatwa, vipande sita kwa mkupuo. Wanavikata tatu tatu, kisha wanaunganisha kwa sindano mpaka nguo moja kubwa. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndiyo wakaanza kuagiza nguo nzima yenye ukubwa huo. Mwaka wa 1887 duka la Kaderdina Hajee Essak lilifunguliwa Mombasa, na chapa yake ya Mali ya Abdulla bado unaiona kwenye leso za mamako. Kwa hivyo mtu akikuambia kushona kwa mkono nyumbani ni fasheni ya juzi ya intaneti, mwambie leso ilianza hivyo hivyo.

Lakini historia ya kipochi haiishii kwa kitambaa. Inabidi uulize ndani kulikuwa na nini.

Nilidhani ayeeyo atasema pesa. Akasema pesa zilikuwepo, lakini kitu alichokifunga kwa fundo mbili kilikuwa karatasi.

Kama hamkufundishwa hii shuleni, mimi pia sikufundishwa. Kuanzia mwishoni mwa 1963 mpaka 1991, Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari. Watu wa huku waliishi chini ya sheria ambazo Mkenya wa Nakuru hakuwahi kuzionja. Halafu Novemba 1989 serikali ikaamuru Wasomali wote wa Kenya waliofika miaka 18 wakachunguzwe kama kweli ni raia. Unasimama mbele ya jopo, unaulizwa ukoo wako, unaulizwa chifu wako. Ukipita unapewa kadi ya rangi ya waridi, na unatembea nayo pamoja na kitambulisho chako cha kawaida. Usipopita, uko hatarini kufukuzwa kwenye nchi uliyozaliwa.

Kadi ya ayeeyo ilikaa kwenye pembe ya leso, imefungwa kwa karatasi ya nailoni isilowe jasho. Alienda nayo mtoni kuteka maji. Alilala nayo. Nikamuuliza kwa nini hakununua kipochi. Akanicheka. Kipochi kinaanguka, kinasahaulika, kinanyang'anywa. Leso ikikutoka kiunoni utajua.

Manze, mimi nilikuwa nimeitupa hiyo pembe.

Nikasoma pia kuhusu Ulaya, ili nijue kama ni sisi pekee. Kumbe wanawake wa huko karne ya 18 walikuwa na mifuko ya kitambaa waliyojishonea wenyewe na kuifunga kiunoni, chini ya sketi. Kibindo kabisa! Magauni yalipokuwa membamba, karibu na 1800, mifuko ile haikujificha tena, ndipo wakaanza kubeba vijifuko mkononi. Tofauti ni kwamba mke wa Uingereza alikuwa akibeba pesa ambazo kisheria ni za mumewe, mpaka sheria ilipobadilishwa kikamilifu mwaka wa 1882. Dini yetu ilikuwa imeshasema mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Ila tusidanganyane: sheria kusema ni yako ni jambo moja, na kupata mahali pa kuiweka asiishike mtu mwingine ni jambo lingine. Ndiyo maana ya fundo.

Mnajua nitakachoambiwa: siku hizi kuna M-Pesa. Ni kweli, tangu Machi 2007 fundo limehamia kwenye simu, na nambari ya siri ni ngumu kufungua kuliko leso. Lakini simu inalia pesa ikiingia, na kila aliyeketi karibu anasoma ujumbe. Naijua nyumba ambayo mke akipokea elfu moja, mume anaijua kabla yake. Fundo halikuwahi kumtumia mtu ujumbe. Na mtandao ukipotea hapa kwetu, simu yako ni tochi tu.

Sasa niwaambie kitu changu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, ukame wa 2021 hadi 2022 ulimaliza mbuzi wa nyumbani. Karo yangu ilikuwa ni wale mbuzi. Nilirudi na begi moja na aibu nyingi, nikawaambia watu niko likizo. Nauli iliyonirudisha, nilijua ilitumwa na hooyo. Wiki mbili zilizopita, nikiwa na sindano mkononi, ndiyo nimeambiwa ilitoka kwenye ile pembe. Ayeeyo alifungua fundo, akampa hooyo noti anitumie kwa simu, akamwambia asinitajie, nisije nikajiona mzigo.

Kipochi nilikimaliza. Ile pembe chakavu nilishonea ndani, juu ya bitana, ikawa kijifuko kidogo cha siri. Nyuzi zake zimelegea kiasi kwamba ilibidi nishone mara tatu, na mshono umepinda. Nilimpelekea ayeeyo aone. Akakigeuza, akakifungua, akatia noti ya 50 kwenye kijifuko, akanirudishia bila neno.

Kwa hivyo kabla hujakata leso kuukuu ya nyumbani, au kuigeuza kitambaa cha kupangusia meza, shika pembe zake kwanza. Ukipata moja imechakaa kuliko zingine, nenda kaulize ilikuwa inafunga nini. Uliza saa hii, mwenyewe akiwa bado yuko kwenye mkeka.