Kete Moja Haitembei: Juu ya Kuchagua Mpiganaji wa Mbele

Siku hizi kijana akishika mchezo wa vita, swali lake la kwanza ni hili: nitakuwa nani? Karibu wote wanataka kuwa yule wa mbele, mwenye upanga, anayepigana na adui ana kwa ana. Hakuna ubaya. Lakini tukiuliza, «Utampa silaha gani, na nani atasimama nyuma yake?» wengi wananyamaza. Sisi tunaona kwamba swali hili si geni kwetu. Michezo ya ubao ya nchi zetu ililiuliza zamani, na jibu lake linatufaa hata leo.

Tuanze na jirani. Barabara ya Beni inashuka hadi Kasindi, inavuka Mpondwe, inaingia Bwera na Kasese, kwa ndugu zetu Wakonzo. Wafanyabiashara wetu wanaijua vizuri. Huko Uganda kuna mchezo wa mashimo na kete unaoitwa omweso. Rwanda wako na igisoro, na watu wa pwani wako na bao. Ubao wa omweso una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Jumla ni kete 64.

Katika bao la pwani kanuni yenyewe inasema kete za kwanza zikae wapi. Katika omweso sivyo. Kwanza kete zinahesabiwa, nne nne katika mashimo manane, ili kila mmoja ahakikishe kwamba hakuna iliyopungua. Kisha mchezaji wa kwanza anazipanga zake 32 namna anavyotaka, na mwenzake anafuata. Kumbe mapigano yanaanza kabla ya mapigano! Aliyepanga ovyo atatumia mchezo mzima kulipa deni la mpango wake.

Sasa tuangalie sheria mbili. Ya kwanza: kete yako ya mwisho ikiangukia katika shimo la mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya adui yanayolielekea, la mbele na la nyuma, yakiwa na kete, unakumba yote mawili. Maana yake, mpiganaji wa mbele haanguki peke yake, anaanguka pamoja na akiba iliyo mgongoni mwake. Anayejaza kote kote bila kufikiri anamwekea adui karamu. Ya pili: shimo lenye kete moja halichezwi. Kete moja haitembei. Mchezaji aliyebakiwa na kete moja moja tu ameshindwa, hata kama ubaoni bado ana kete kadhaa. Hakushindwa kwa sababu watu wake wamekwisha. Ameshindwa kwa sababu kila mmoja amebaki peke yake.

Kutoka hapo tuvuke ng'ambo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambamo wachezaji wanasafiri kama kundi moja, na kila mmoja ana kazi yake. Mwaka 1989 ukaja HeroQuest, wa ubao na dadu. Humo wachezaji hawashindani wao kwa wao. Mashujaa wanne wanaingia pamoja katika mapango, na mtu mmoja anawaongoza maadui. Shujaa wa upanga ana nguvu 8 za mwili na 2 za akili, na anashambulia kwa dadu 3. Mchawi ana mwili 4 na akili 6, na anashambulia kwa dadu 1. Wote wanaanza na dadu 2 za kujikinga.

Dhahabu ikipatikana, ndipo uchaguzi unaanza. Shujaa wa upanga anaweza kununua shoka kubwa linalompa dadu 4 za kushambulia, lakini anayelitumia haruhusiwi kushika ngao. Au anaweza kubaki na upanga wake wa dadu 3 na kununua ngao, ajikinge kwa dadu 3. Kijana atakimbilia shoka. Tumwambie: ngoja kidogo, tuhesabu. Dadu ina pande sita. Fuvu, yaani pigo, liko kwenye pande 3. Ngao ya shujaa iko kwenye pande 2. Kwa hiyo dadu moja ya kushambulia inafaa mara 3 katika 6, na ya kujikinga mara 2 katika 6. Ukiwa na adui mmoja tu, shoka ni zuri, maana utammaliza upesi. Lakini unashambulia mara moja kwa zamu, na ngao inafanya kazi kila unapopigwa. Wakija maadui watatu, ngao inakufaa mara tatu. Na kama mchawi yuko nyuma yako mlangoni, kazi yako si kuua wote. Kazi yako ni kusimama, ili mwenzako apate nafasi ya kufanya yake.

Basi kanuni yetu ni hii: silaha ya mpiganaji wa mbele isichaguliwe kwa kuangalia mkono wake, ichaguliwe kwa kuangalia walio nyuma yake.

Kuna atakayesema, «Hayo ni michezo tu.» Sisi wa Butembo na Beni hatuwezi kusema hivyo. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ulichukua watu zaidi ya 2,200. Waliokuwa mbele hawakukosa silaha: walikuwa na chanjo, glavu na dawa. Lakini mwanzoni watu wengi nyuma yao hawakuwaamini, na wengine waliwageukia. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kamerun, aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Alikuja kusimama mbele kwa ajili yetu, na sisi tulikuwa kete moja moja.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu: wekeni ubao barazani, hata wa kuchimba udongoni, na kete za mbegu. Waulizeni wazee walichezaje, na waliyaitaje mashimo na kete kwa Kinande, muandike kabla hawajaondoka. Na mtoto akisema anataka kuwa wa mbele, msimkataze. Mumuulize tu: nyuma yako umepanga nani?